Mwezi wa Kwanza Dubai: Mwongozo Kamili kwa Anayeingia Kazini

Mgeni anayetua Dubai kwa kazi hupotoshwa na vitu viwili: taa na chumba. Taa humfanya aamini kwamba maisha yameshanyooka. Chumba cha kambi chenye vitanda vya ghorofa na watu sita wasiojuana humfanya aamini kwamba ameuzwa. Hakuna hata kimoja kinachoamua jambo. Miaka miwili inayofuata huamuliwa na namba chache zilizo kwenye mkataba uliosajiliwa wizarani, na jinsi unavyotunza karatasi zako katika siku thelathini za kwanza.

Mwongozo huu unamhusu zaidi anayekwenda sekta binafsi: ulinzi, usafi, hoteli, ghala, ujenzi, udereva. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, nao tumewatengea sehemu karibu na mwisho. Saa tunazotaja ni za Kiswahili. Ratiba yako ya zamu, hata hivyo, itakuja kwa saa 24, na 07:00 ni saa moja asubuhi. Anayeisoma kama saa saba mchana anafika kazini akiwa amechelewa saa sita, na hilo hutokea kila mwezi kwa mgeni fulani. Falme za Kiarabu, ambazo hapa tutaziita Emirati, ziko saa moja mbele ya Afrika Mashariki.

Kabla ya kupanda ndege

Anza na viza. Kuna kibali cha kuingia kwa ajira, na kuna viza ya matembezi. Mawakala wengi hupenda hii ya pili kwa sababu hutoka haraka, kisha wanakwambia "utabadilishiwa huko huko". Ni kweli viza inaweza kubadilishwa ukiwa ndani ya nchi, lakini mpaka ibadilishwe huruhusiwi kufanya kazi hata siku moja. Mwajiri anayekutwa na mtu asiye na kibali hutozwa faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni moja, nawe ndiye unayerudishwa. Siku za viza zikiisha kabla mwajiri hajakamilisha, unadaiwa dirhamu 50 kwa kila siku iliyozidi. Ukipewa viza ya matembezi kwa kazi ambayo tayari una ofa yake, uliza kwa nini, na jibu lije kwa maandishi.

Pili, thibitisha ofa. Ofa halali kwa kampuni iliyo chini ya Wizara ya Rasilimali Watu na Uajiri wa Waemirati, MOHRE, ina namba ya muamala. Ichukue uiingize kwenye inquiry.mohre.gov.ae. Jina la kampuni, kazi na mshahara vinavyotokea vilingane na karatasi uliyoshika. Isipotokea kitu, usiuze shamba. PDF yenye nembo nzuri na muhuri wa bluu si ushahidi, maana hata steshenari ya mtaani inaitengeneza kwa dakika kumi.

Tatu, wakala. Kenya, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Tanzania, ulizia kwa TaESA. Uganda, leseni za kupeleka watu nje hutolewa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Ujue pia kwamba sheria ya kazi ya Emirati, yaani Amri ya Sheria namba 33 ya mwaka 2021, inakataza gharama za kuajiri kubebeshwa mfanyakazi, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Kwa hiyo ukifika ukaambiwa viza, vipimo na kitambulisho vitakatwa kwenye mshahara wako, huo si utaratibu wa nchi. Ni uamuzi wa mtu.

Nne, pima afya nyumbani kwanza, kwenye hospitali unayoiamini: damu ya VVU na eksirei ya kifua. Utapimwa tena ukifika, na mgeni akikutwa na VVU au kifua kikuu hapewi ukaazi. Ni bora kulijua hilo kabla ya kukopa nauli.

Kisha mzigo. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita. Chukua vyeti halisi na nakala, picha za pasipoti zenye mandhari meupe, na picha za nyaraka zote ulizojitumia mwenyewe kwa barua pepe. Plagi za Emirati ni zile zile za pini tatu bapa tunazotumia kwetu, kwa hiyo adapta haina kazi. Sweta inayo, kwa sababu kiyoyozi cha ofisi, basi na chumba hakijali kwamba nje kuna jua kali. Beba dirhamu 1,000 hadi 1,500 kama unaweza. Sababu yake utaiona kwenye sehemu ya mshahara.

Vya kuacha: miraa, hata kijiti kimoja kilichosahaulika mfukoni, kwa kuwa huko ni dawa ya kulevya. Dawa zenye kodini, tramadoli au diazepamu zinahitaji kibali kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari, pamoja na cheti cha daktari. Unga wa mizizi usio na lebo, hirizi na makombe pia vibaki nyumbani. Uchawi na ramli ni makosa ya jinai Emirati, na afisa wa forodha hana muda wa kusikiliza kwamba ni kinga tu aliyokupa bibi.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka: simu za sauti na video za WhatsApp hazipiti Emirati kwenye mtandao wa kawaida. Ujumbe, picha na sauti za kurekodi hupita. Programu inayotumiwa na wengi kupiga nyumbani ni BOTIM, nayo huenda na kifurushi chake. Iweke kwenye simu ya mama au mwenzi wako ukiwa bado mpo pamoja, umwonyeshe kuipokea. Ukiondoka bila kufanya hivyo, mwezi wa kwanza mzima utakuwa wa kumfundisha mtu kwa ujumbe wa sauti. VPN ya kukwepa kizuizi hicho inaweza kukuingiza kwenye sheria ya makosa ya mtandao, yenye faini ya laki kadhaa za dirhamu. Uamuzi ni wako, ila usije ukasema hukuambiwa.

Uwanja wa ndege na siku tatu za mwanzo

Uhamiaji watakupiga picha ya macho na kukagua kibali. Kama kampuni imetuma gari, pata jina la dereva na namba ya simu kabla ya kuondoka kwenu, kwa sababu unaweza kutua bila intaneti. Kama hakuna gari, tumia treni ya Metro (vituo viko Terminal 1 na Terminal 3) au teksi rasmi ya foleni. Teksi ya uwanja wa ndege huanza mita kwenye dirhamu 25, si 5 kama ya barabarani, kwa hiyo usimgombeze dereva.

Ukifika malazi, fanya haya kabla ya kulala. Piga picha bango la jengo na namba ya chumba. Tuma eneo lako kwa mtu mmoja nyumbani na mmoja aliyeko Dubai. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu, namba ya ubalozi au konseli yako. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ubalozi Abu Dhabi na konseli Dubai.

Laini ya simu nunua kwa pasipoti yako mwenyewe, na Emirates ID ikitoka uisajili upya kwa kitambulisho hicho, la sivyo itafungwa. Usimsajilie mwenzako laini kwa jina lako hata akilia. Laini ikitumika kutapeli, polisi wanakuja kwa mwenye jina.

Kuhusu pasipoti. Tangu 2022 viza ya ukaazi haibandikwi tena kwenye pasipoti, Emirates ID ndiyo inayoonyesha ukaazi wako. Sababu ya kampuni kukaa nayo imepungua sana, na sheria ya kazi inamkataza mwajiri kuzuia hati za mfanyakazi. Bado kuna ofisi zitakazokuomba "tuihifadhi". Mgeni wa siku mbili hana nguvu ya kubishana mbele ya meneja, na hatukushauri uanze kazi kwa ugomvi. Uliza inatakiwa kwa hatua ipi na itarudi lini, ombi na jibu viwe kwenye WhatsApp au barua pepe, kisha ifuatilie tarehe hiyo hiyo. Ikikwama, ujumbe huo ndio ushahidi wako.

Vipimo, alama za vidole, Emirates ID

Kibali cha kuingia kwa ajira hutoa siku 60 za kukamilisha ukaazi. Mpangilio ni huu: vipimo vya afya, alama za vidole, bima ya afya, kusainiwa kwa mkataba na kutoka kwa kibali cha kazi, kisha ukaazi na kadi. Kampuni huwa na mtu wa makaratasi ambaye kila mtu humwita PRO. Mjue kwa jina siku ya kwanza, maana ndiye anayejua kwa nini faili lako limelala.

Vipimo ni damu na eksirei. Vaa nguo isiyo na vyuma kifuani, vua mkufu, na kunywa maji ya kutosha ili mshipa upatikane. Wanawake wanaokwenda kazi za nyumbani hupimwa pia mimba. Kinachokwamisha wengi hapa si ugonjwa bali majina: herufi moja iliyogeuzwa kati ya pasipoti na maombi. Kagua karatasi ya kituo kabla ya kuondoka kaunta.

Namba ya Emirates ID ina tarakimu 15. Huanza na 784, na nne zinazofuata ni mwaka wako wa kuzaliwa. Kadi ikitoka, angalia hizo nne kwanza, kisha tahajia ya jina, kisha tarehe ya kuisha. Kosa likionekana siku hiyo ni usumbufu mdogo. Likigunduliwa benki imeshafungua akaunti, ni safari za wiki nzima, nawe huna ruhusa ya kutoka kazini.

Walinzi wana hatua ya ziada. Dubai huwezi kusimama lindoni bila mafunzo, mtihani na kadi ya SIRA, mamlaka inayosimamia kazi ya ulinzi huko. Abu Dhabi ina mamlaka yake na kadi yake. Muulize mwajiri jambo moja kabla ya yote: siku za mafunzo zinalipwa? Kampuni nyingine huhesabu mshahara kuanzia siku unayopangiwa lindo, si siku uliyotua, na hapo wiki tatu zinaweza kupita huku unakula akiba yako.

Mkataba: soma namba, acha maneno

Mkataba huja kwa Kiarabu na Kiingereza. Fungua programu ya MOHRE kwenye simu, ingia kwa namba zako, na upakue nakala iliyosajiliwa. Hiyo ndiyo yenye nguvu, si karatasi uliyosaini kwenye ofisi ya wakala Nairobi au Kariakoo. Zikitofautiana, tofauti hiyo uilete mapema, kabla hujazoea.

Namba ya kwanza ya kutafuta ni mshahara wa msingi. Watu husema "nalipwa elfu moja mia nane", lakini hiyo ni jumla: msingi, posho ya malazi, posho ya chakula. Ovataimu na kiinua mgongo hukokotolewa kwenye msingi pekee. Chukua watu wawili wanaolipwa 1,800 kila mmoja, mmoja msingi wake 1,200 na mwingine 700. Kiinua mgongo kwa miaka mitano ya kwanza ni siku 21 za msingi kwa kila mwaka, mradi umemaliza mwaka mmoja. Wa kwanza: 1,200 ÷ 30 × 21, sawa na dirhamu 840 kwa mwaka. Wa pili: 490. Mkataba wa miaka miwili ukiisha, mmoja anaondoka na 1,680 na mwingine 980, na walikuwa wanalala chumba kimoja wakidhani wako sawa.

Ovataimu nayo ni hesabu fupi. Msingi wa 1,200 ÷ 30 ÷ 8 ni dirhamu 5 kwa saa. Saa ya ziada huongezwa asilimia 25, yaani 6.25. Saa ya ziada ikiangukia kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri huongezwa asilimia 50, yaani 7.50, lakini wafanyakazi wa zamu hawaingii kwenye hiyo ya usiku. Saa za kawaida ni 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na ovataimu isizidi saa 2 kwa siku. Hupaswi kufanya kazi saa 5 mfululizo bila mapumziko yanayofikia saa moja. Ramadhani saa za kazi hupunguzwa mbili kwa siku, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu.

Ofa nyingi za ulinzi na usafi hutajwa kwa zamu ya saa 12. Usizilinganishe kwa jumla, linganisha kwa saa. Dirhamu 2,000 kwa saa 12, siku 26, ni 6.41 kwa saa. Dirhamu 1,600 kwa saa 8, siku hizo hizo, ni 7.69. Ile "ndogo" ndiyo kubwa, na inakuachia muda wa kulala.

Mengine ya kuangalia:

- Muda wa majaribio hauzidi miezi 6. Ndani yake mwajiri akikuachisha atoe notisi ya maandishi ya siku 14. Ukitaka kuhamia kampuni nyingine humo nchini, unatoa mwezi mmoja. Ukitaka kurudi nyumbani, siku 14. Ukiondoka kimya kimya unaweza kunyimwa kibali cha kazi kwa mwaka mzima.
- Likizo ni siku 30 kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza. Tiketi ya likizo hutegemea mkataba wako. Tiketi ya kukurudisha kazi inapokwisha ni wajibu wa mwajiri kisheria, isipokuwa umehamia mwajiri mwingine au kazi imekatika kwa kosa lako.
- Kutoonekana kazini siku 7 mfululizo bila sababu kunampa mwajiri haki ya kukufukuza bila notisi, na hufungua mlango wa kuripotiwa kuwa umetoroka. Ripoti hiyo ni nzito kuifuta. Ukiugua, tuma cheti siku hiyo hiyo.
- Bima ya kupoteza kazi, ILOE, ni dirhamu 5 kwa mwezi kwa mwenye msingi usiozidi 16,000. Hakikisha ipo kwa jina lako. Kutokuwa nayo ni faini ya dirhamu 400, ambayo wengi huigundua wanapotaka kubadilisha kazi.

Mshahara wa kwanza

Mshahara wa kwanza huwa mdogo, na mara nyingi hakuna aliyekuibia. Umetua tarehe 10, umeanza kazi tarehe 22, ofisi ya hesabu inafunga mwezi tarehe 25. Siku nne hizo ama zinalipwa peke yake, ama zinasogezwa mwezi unaofuata. Kwa hiyo kutoka kutua hadi mshahara kamili inaweza kufika miezi miwili, na ndiyo maana tulitaja dirhamu 1,000 za mfukoni. Usiahidi kutuma kiasi fulani nyumbani mpaka umeona mshahara wa tatu. Ahadi ya mwezi wa kwanza ndiyo mzizi wa madeni mengi ya wageni mtaani Deira.

Malipo hupita kwenye WPS, mfumo wa serikali wa kulipia mishahara, kwa akaunti ya benki au kadi ya mshahara. Kadi na namba ya siri ni vyako. Msimamizi anayekusanya kadi za watu "ili awatolee pesa" anavunja sheria, hata akiwa mtu wa kwenu. Mshahara unatakiwa siku ya kwanza baada ya kipindi kuisha, na ukipita siku 15 bila kulipwa unahesabiwa umechelewa.

Siku pesa inapoingia, piga picha ya ujumbe wa benki na uombe hati ya mshahara. Weka daftari la saa ulizofanya: tarehe, kuingia, kutoka, jina la msimamizi. Mistari mitatu kwa siku inatosha. Makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuvuka nusu ya mshahara, na mkopo wa mwajiri hauna riba.

Kutuma nyumbani kuna mtego wa kiwango. Dirhamu imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo kiwango halisi unakijua mwenyewe. Tuseme dola ni shilingi 129 za Kenya: gawa kwa 3.6725, upate 35.13. Duka la kubadilishia fedha likikupa 34.50, katika kila dirhamu 1,000 limebaki na shilingi 630, hata kama bango linasema hakuna ada. Kwa Tanzania, dola ikiwa 2,500 kiwango ni takriban 680. Fanya hesabu hiyo kabla ya kufika kaunta, linganisha maduka mawili, kisha tuma moja kwa moja kwenye M-Pesa au benki. Usimpe pesa "mtu anayesafirisha".

Chumba, jua na barabara

Kama malazi ni ya kampuni, utakuwa Sonapur, Al Quoz, Jebel Ali au kwingineko pembezoni. Kama unajitafutia, utasikia habari za kitanda Deira, Satwa, Karama au International City. Kabla ya kulipa, inua godoro. Kunguni hukaa kwenye mshono wa godoro na kwenye tundu za skrubu za kitanda cha chuma. Vidoa vyeusi kama nukta za kalamu ndivyo alama yao. Pitisha ukucha kwenye mshono wote, upande wa kichwani hasa. Kisha uliza idadi ya watu kwa choo kimoja, umeme na maji vimo au la, na nani ana mkataba wa nyumba uliosajiliwa kwenye Ejari, daftari rasmi la upangaji la Dubai. Manispaa ya Dubai huvunja vyumba vilivyogawanywa kwa mbao bila kibali, na aliyelipa mwezi mzima mkononi bila risiti hana wa kumdai.

Kiangazi kina vituko vyake. Matangi yako juu ya paa, kwa hiyo Julai na Agosti bomba la maji baridi hutoa maji ya kuchoma. Wenyeji huzima hita tangu Mei, maji yaliyokaa ndani yake yakapoa kwa hewa ya chumbani, kisha huoga kwa bomba la moto. Usiwashe hita ya chumba cha watu bila kuuliza.

Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na wagonjwa wengi wa jua ni wa siku za mwanzo. Aliyekulia Mombasa au Tanga anajua unyevu, lakini nyuzi 42 na unyevu huo huo ni jambo jingine. Kunywa kikombe kila dakika 20 bila kusubiri kiu. Mkojo ukigeuka rangi ya chai, umechelewa. Maji matupu kwa siku nzima ya jasho hushusha chumvi mwilini na kuleta mkakamao wa misuli, kwa hiyo changanya ORS au kula chakula chenye chumvi. Ngozi ikikauka, ikiwa ya moto, na mwenzako akaanza kuongea ovyo, huyo si mchovu: mtoe juani, mmwagie maji, piga 998. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani ni marufuku kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri. Kampuni inayokiuka hutozwa dirhamu 5,000 kwa kila mfanyakazi, hadi 50,000.

Kwa usafiri nunua kadi ya nauli ya Nol, ile iitwayo Silver, dirhamu 25, ambamo 19 ni salio lako. Safari ya eneo moja ni dirhamu 3, maeneo mawili jirani 5, zaidi ya hapo 7.50. Gusa kuingia na gusa kutoka, hata kwenye basi, maana usipogusa kutoka unakatwa nauli ya juu. Kula, kunywa au kutafuna bazoka ndani ya Metro ni faini ya dirhamu 100. Mwanamume kusimama kwenye behewa la wanawake na watoto, 100 pia, na mpaka wake ni mstari tu wa rangi sakafuni. Kuvuka barabara pasipo na kivuko, 400.

Ya kawaida kwetu, makosa huko

Michango ndiyo inayowaponza Waswahili kuliko pombe. Kukusanya pesa za msiba, harusi au matibabu kwenye kundi la WhatsApp bila leseni ni kosa la jinai Emirati, hata nia ikiwa njema kiasi gani. Mchango wa nyumbani uendeshwe na mtu aliyeko nyumbani, nawe umtumie yeye pesa yako binafsi. Kumkopesha mwenzako kwa riba, nalo ni kosa.

Tusi kwenye ujumbe ni kosa linaloshtakiwa, na picha ya skrini inatosha. Vivyo hivyo kumpiga mtu picha au video bila ridhaa na kuirusha TikTok. Usirekodi lindo lako, ghala, wala wateja. Anayekupigia akidai ni polisi au Benki Kuu na kutaka namba ya siri iliyoingia kwenye simu ni tapeli. Kata simu.

Kwa wafanyakazi wa nyumbani

Sheria yenu ni Amri namba 9 ya 2022. Inawapa siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za kupumzika kwa siku zikiwemo 8 mfululizo, likizo ya siku 30 kwa mwaka, na mshahara ndani ya siku 10 tangu tarehe yake. Simu na hati zako ni haki yako kukaa nazo. Tatizo kubwa la kazi hii ni kutojulikana uko wapi. Pata jina la mwajiri, namba ya nyumba na jina la mtaa, kisha uzitume nyumbani ndani ya saa 24 za mwanzo, hata kama familia ni ya watu wema.

Mambo yakikwama

Usitoroke. Ukiondoka kwa hasira, kesi ya mwajiri aliyekudhulumu inageuka kuwa kesi yako ya kutoroka. Andika kwanza kwa kampuni, ujumbe mfupi wenye tarehe na kiasi. Ukikosa jibu, piga 80084, simu ya madai ya kazi, au 600590000 ya wizara, au wasilisha kwenye programu ya MOHRE. Kwa mshahara usiolipwa kuna njia ya kuripoti bila jina lako kufika kwa mwajiri. Ukiajiriwa katika eneo huru la biashara kama JAFZA ya Jebel Ali, anza na mamlaka ya eneo hilo. DIFC na ADGM, maeneo huru ya fedha ya Dubai na Abu Dhabi, zina sheria zao kabisa.

Wizara hujaribu kupatanisha. Tangu 2024 inaweza kutoa uamuzi yenyewe kwa madai yasiyozidi dirhamu 50,000, na anayepinga huenda mahakamani. Peleka mkataba uliosajiliwa, taarifa za benki, daftari la saa na ujumbe wa WhatsApp. Usisaini karatasi inayosema umepokea haki zako zote kabla pesa haijaingia, hata ukiambiwa bila saini viza haifutwi. Dai linaweza kufunguliwa hadi miaka miwili tangu ajira ikome.